Funguo Tatu za Barua za Masinya

"Mama, hapa umeandika nini?"

Kijana wa ofisi ya vitambulisho aliigeuza fomu, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma namba ya gari lililogonga mbuzi. "Damalie... malkia... wa mpaka... elfu mbili na mbili. Hii ni imeili?"

Foleni nzima ikacheka. Damalie Mugeni hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na moja, amevaa gomesi yake ya kijani ya kwendea kanisani, na anwani ile aliifungua mwenyewe, kwa vidole vyake, siku ambayo katika Busia yote ya upande wa Uganda watu wenye barua pepe walikuwa hawafiki kumi.

"Ni imeili," alisema. "Na inafanya kazi mpaka leo."

"Siku hizi watu wanaweka jina lao tu."

"Wakati ule majina yote yalikuwa wazi. Ningetaka kuandika Damalie peke yake, ningeandika. Nilichagua malkia."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kuna waliocheka upande wake. Binti yake, Peace, mwenye miaka kumi na tisa, alimvuta ukingo wa gomesi. "Mama, wacha. Tumekuja kwa mambo yangu."

Mambo ya Peace yalikuwa haya: alikuwa amepata nafasi katika chuo cha unesi, na chuo kilitaka namba ya kitambulisho cha taifa kabla ya jioni ya Ijumaa. Baada ya hapo nafasi ingepewa mwingine. Leo ilikuwa Jumanne.

"Shule ya msingi ulisoma wapi?" kijana aliuliza.

"Ng'ambo," Peace akajibu kwa sauti ndogo. Pale Busia ng'ambo ni upande wa Kenya, na watoto wengi wa upande huu huvuka asubuhi na kurudi mchana, kwa sababu shule ya kule iko karibu kuliko ya huku.

"Unaona? Mimi sisemi wewe ni Mkenya. Karatasi zako ndizo zinasema, na kazi yangu ni kusoma karatasi. Kadi ya kuzaliwa iko wapi?"

"Ililiwa na mchwa," Damalie alisema.

"Zahanati alikozaliwa?"

"Ile ya zamani ya Masinya. Ilifungwa. Siku hizi wanaweka mihogo mle."

Foleni ikacheka mara ya tatu, na kicheko hiki ndicho kilichomchoma Peace. Kijana hakuwa mtu mbaya. Aliwarudishia fomu kwa mikono miwili. "Kadi ya ubatizo hainisaidii, haisemi alizaliwa wapi. Nileteeni kitu cha wakati ule. Kiwe na muhuri wa wakati ule, na mtu wa kuaminika wa kuandika kwamba hakikuchezewa. Mkileta Ijumaa, nitampiga picha Ijumaa hiyohiyo, na namba ataondoka nayo."

*

Nyumbani, Eriku alikuwa ameketi mlangoni akitia mpini jembe. Alisikiliza habari yote hadi mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo walimcheka malkia wangu?"

"Eriku, usinianze. Mtoto anapoteza chuo."

"Hiyo kadi mimi niliiona."

"Wewe uliiona wapi? Peace alizaliwa ukiwa Iraki kwenye kazi ya ulinzi."

"Hukohuko Iraki ndiko niliiona. Kwa kompyuta ya kambi. Ilikuwa na muhuri wa zambarau, umepinda kidogo. Anwani yangu ya kule ilikufa pamoja na kambi." Akaweka jembe chini. "Wewe ndiye ulinitumia, Mama Peace. Umesahau?"

Damalie alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amesahau. Ni kwamba kwa miaka kumi na minane alijizuia kuifikiria anwani iliyobeba kadi ile, na mtu akijizuia hivyo, mengine mazuri nayo hujificha humo.

Haikuwa ile ya malkia. Kadi ilitumwa kupitia anwani ya parokia ya Masinya.

Wakati ule Damalie alikuwa mhudumu wa kafe ya kwanza ya intaneti mjini, chumba chenye kompyuta sita, feni moja na jenereta nyuma ya ukuta. Watu walikuja wameoga, wamevaa viatu. Modemu ililia kama jogoo aliyekabwa koo, na ikinyamaza tu, chumba chote kilinyamaza nayo, maana hapo ndipo ilipokuwa imeshika au imekataa. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akingoja kompyuta namba tatu hata kama nyingine zote zilikuwa tupu, kwa sababu barua ya kwanza ya mwanawe ilifikia namba tatu na yeye aliamini barua zake zinakaa humo. Damalie hakumcheka hata siku moja. Alimwekea kiti.

Watu wa Masinya walikuwa na sanduku moja la posta kwa parokia nzima, na ilipokuja barua pepe wakaona hapana sababu ya kubadili mwendo. Wakataka anwani moja. Aliyewaandikia aandike jina la mwenye barua pale juu, na kila Jumapili baada ya misa majina ya wenye barua yangesomwa kanisani. Siku ya kuifungua, Dorcas Oguttu, mwenyekiti wa akina mama wa akiba, aliuliza swali ambalo Damalie hajawahi kulisikia tena kwa mtu yeyote: "Na hili sanduku, funguo zake anashika nani?"

Maana sanduku la akiba la akina mama lilikuwa na kufuli tatu, na kila kufuli na mtu wake. Basi wakafanya vivyo hivyo. Neno la siri likakatwa vipande vitatu. Damalie akashika cha kwanza, Dorcas cha pili, na cha tatu akapewa Osborn, katekista. Mmoja akiandika, wawili wanageukia ukuta. Hakuna aliyejua cha mwenzake, na hakuna aliyeweza kufungua peke yake.

"Basi ni kazi ndogo," Eriku alisema. "Wewe uko. Mama Dorcas yuko, juzi nilimwona anauza dagaa. Anabaki Osborn."

Damalie alijibu akiangalia chini. "Twende kwanza kwa Paddy."

*

Paddy alikuwa na mtandao wake mwenyewe. Aliuita Mwambanet, kwa sababu ya ule mwamba mkubwa wa Tororo unaosimama nyuma ya nyumba yake, na enzi zake ulibeba barua za shule, zahanati na makanisa ya pande zote hizi. Sasa zilibaki shule tatu na wazee wachache wakaidi, lakini mashine zilikuwa bado zinanguruma katika chumba chenye pazia zito, na Paddy, mwembamba na mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizipangusa vumbi kila asubuhi.

"Malkia wa mpaka!" alipaza sauti alipomwona Damalie mlangoni Jumatano. Watu wa kazi ile walijuana kwa anwani. "Na huyu ni nani, kamanda?"

"Eriku kamanda sifuri sifuri saba," Eriku alisema, akasimama wima kidogo.

"Ulikuwa unaniandikia unalalamika barua zinachelewa."

"Zilikuwa zinachelewa."

"Zilikuwa zinatoka vitani, bwana! Ungetaka zije na boda?"

Wakacheka, hata Peace. Kisha Damalie akaeleza shida, na Paddy akageukia mashine zake, akaandika, akasoma, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika na kazi yake. "Iko. Masinya, barua zilizotumwa, Machi mwaka elfu mbili na sita. Nina sanduku, sina kilichomo. Leteni funguo."

"Paddy, wewe ndiye mwenye mashine. Huwezi kufungua tu?"

"Naweza. Dakika tano." Akavua miwani. "Sasa nisikilize. Huyo kijana wa ofisi anataka mtu wa kuandika kwamba hakuna aliyeingia wala kubadilisha. Mtu huyo ni mimi. Nikivunja kufuli, kesho nitaandika nini? Niandike kwamba hakuna aliyeingia, na mimi mwenyewe ndimi nimeingia? Mama, miaka ishirini na tatu sijasoma barua ya mtu. Watu waliniandikia mambo ya ndoa, ya magonjwa, ya watoto waliopotea. Yote yamepita humu na mimi sijui hata moja. Ni kitu pekee nilicho nacho cha kujivunia. Usiniombe."

Damalie hakumwomba. Alielewa, na moyoni, katikati ya hofu yake, alijisikia fahari kwamba aliwahi kufanya kazi na mtu kama yule.

Walipotoka nje Eriku alimpigia Dorcas simu, sauti ikiwa wazi wote wasikie.

"Ufunguo?" Dorcas alisema. "Mwanangu, mimi yangu naitaja kila asubuhi katika sala. Nitakuja kesho. Na katekista mumemwambia?"

"Bado, mama."

"Mumwendee vizuri. Yule mtu hii parokia ilimwumiza."

Eriku alimtazama mkewe. Damalie alikuwa ameshika ukuta.

*

Alhamisi asubuhi Eriku alikwenda Masinya kumchukua Dorcas, na Damalie akaenda Kiyeyi na binti yake. Walimkuta Osborn uani kwake, ameketi juu ya gunia, anabambua karanga. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alisimama, akampa Peace kiti, kisha mama yake.

"Mulembe, Mugeni," alisema, kwa Kisamia, lugha ya kwao Damalie, ingawa Osborn mwenyewe ni Mpadhola.

"Mulembe, katekista."

"Hilo jina nililiacha Masinya."

Damalie alikuwa amepanga maneno njiani, yenye mwanzo na adabu. Yote yakamtoka. Alieleza habari ya kitambulisho, ya chuo, ya kadi, ya Paddy, na Osborn akaendelea kubambua karanga. Maganda yalianguka upande mmoja, punje upande mwingine. Alipomaliza, mzee alisema, "Umesema ya mtoto. Ya kwako umebakiza."

Peace alimtazama mama yake.

Mwaka elfu mbili na saba, Odoi wa Masinya, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alimwandikia mama yake kwamba ameoa mwanamke mwingine huko, na akamwomba asiseme mpaka aje mwenyewe. Siku barua ilipofika, kabla ya saa saba mchana soko lote la Busia lilikuwa linajua. Mkewe, Akiteng, aliambiwa akiwa mashineni anasaga unga, mbele ya watu, na wengine wakacheka. Aliacha unga palepale, akachukua watoto, akaondoka. Parokia ikataka kujua nani alisoma barua isiyo yake. Na kwa kuwa Osborn ndiye aliyekuwa akibeba karatasi zilizochapishwa kutoka mjini, wakasema ni yeye. Wakamvua ukatekista Jumapili, palepale mbele ya altare, wakati wa matangazo, na tangu hapo anwani ile haikufunguliwa tena.

"Haukuwa wewe," Damalie alisema. "Ilikuwa siku ya soko. Mlipotoka kidogo sokoni, wewe na Mama Dorcas, mimi nilibaki nichape na kufunga kabla hujarudi kuchukua karatasi. Jenereta ikazimika... hapana, haikuzimika, ilianza kukohoa. Nikaenda kuiangalia. Barua niliacha wazi, namba tatu. Niliporudi kulikuwa na mwanamke amesimama mbele ya skrini, muuza mitumba, anacheka peke yake. Akaniambia, 'Ala, Odoi!' Akatoka." Akaokota ganda moja la karanga. "Niliogopa kufukuzwa kazi. Watu waliniita mwalimu wa kompyuta, mzee. Sikutaka wajue mwalimu amesahau kufunga."

"Na siku ile waliponivua ulikuwa umekaa benchi gani?"

"La nne."

"La tatu," Osborn alisema. "Nilikuwa nakutazama."

Kuku alipita katikati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Ulijua?" Damalie aliuliza.

"Tulikuwa watatu. Mimi nilijua si mimi. Dorcas hajui Kiingereza, na barua ile Odoi aliiandika Kiingereza ili si kila mtu aisome. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Lakini sikutaka kukutaja. Mtu akishataja mwenzake, na yeye anaonekana anajiokoa. Nikasema nitangoja useme mwenyewe. Sikujua utakuja na mtoto."

"Nisamehe."

"Hapa tuko watu watatu na kuku. Waliponivua kanisa lilikuwa limejaa." Akapangusa mikono. "Nitakuja Tororo. Nitaandika ufunguo wangu, na mtoto atapata kadi yake, hiyo sikuwekei bei. Lakini ndani ya ile anwani kuna kitabu cha majina ya wote waliotuandikia. Nairobi, Juba, Kampala, London. Uwaandikie wote haya uliyoniambia. Usiseme leo kwamba utafanya kesho. Ukitaka."

Walipofika barabara kubwa Peace aliuliza.

"Mama, wakati huo ulikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Hukuwa mtoto."

"Sikuwa mtoto," Damalie alisema. Peace akamshika mkono, si kwa kumfariji. Alimshika tu kama mtu anayemvusha mwenzake barabara.

*

Paddy alikuwa ameweka viti vitatu na kibodi nzuri. Dorcas alifika na kikapu cha dagaa, akamsalimia Osborn kwa kupiga magoti hadi chini, yeye mwenye miaka sabini na miwili, na Osborn akamwinua upesi.

Damalie aliketi kwanza. Wale wawili wakageukia ukuta, kama zamani, isipokuwa sasa Osborn alijishikilia kwenye meza na Dorcas alikuwa akihema. Damalie akaandika kipande chake, akatoka. Dorcas akaingia, akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi na kuisemesha kwa kunong'ona, hata Paddy akaziba masikio ili asisikie. Mwisho akaingia Osborn. Akabonyeza.

Ikakataa.

Eriku alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa na nusu.

"Tuna mara mbili nyingine," Paddy alisema. "Kisha inajifunga kwa siku saba."

Damalie alihisi macho ya binti yake mgongoni. Osborn akasema, "Mimi sijakosea." Damalie akasema hata yeye hajakosea. Ndipo Dorcas akajipiga kofi pajani.

"Jamani, ni mimi! Nimeweka jina la mjukuu ninayekaa naye sasa. Wakati ule alikuwa hajazaliwa hata mama yake hajaolewa! Na ndilo jina nalitaja katika sala. Ngoja, ngoja, geukeni."

Wakageuka wakicheka, Osborn naye, mabega yakitikisika. Wakaandika upya, mmoja baada ya mwingine. Safari hii ukurasa ulifunguka.

Ulikuwa umejaa. Barua ambazo hazikuwahi kusomwa, kila moja na jina lake juu: kwa Mzee Oguttu, kwa Akiteng, kwa mwalimu mkuu, kwa mama yake Odoi. Wengine walikuwa wamekwisha zikwa. Peace alinyoosha kidole kwenye moja, na Osborn akaweka kiganja chake mbele ya skrini, kwa upole.

"Si yetu, mama. Nenda kwenye zilizotumwa."

Ile ya Machi ilikuwapo. Kadi ilikuwapo. Jina la mtoto, jina la mama, jina la baba, zahanati, kijiji, Masinya, na muhuri wa zambarau uliopinda kidogo.

"Nilisema!" Eriku alipiga kelele. "Sikusema umepinda?"

Chini yake kulikuwa na picha ya kitoto kilichofungwa blanketi, na Peace aliinama kujitazama kwa muda mrefu. Paddy akachapa. Akaandika barua yake ya uthibitisho kwa mkono, mistari sita, akapiga muhuri wa Mwambanet ambao wino wake ilibidi auloweshe kwa maji. Kila walichokijia sasa kilikuwa ndani ya bahasha.

Osborn alichukua kofia yake. Hakumkumbusha Damalie lolote. Alisimama karibu na mlango akiangalia nje, kwenye mwamba, kama mtu anayengoja mvua ipite, na mlango ulikuwa wazi.

"Tunaweza kupata gari la saa kumi," Eriku alisema, maana hakujua yaliyosemwa Kiyeyi.

"Keti, Eriku," Damalie alisema. "Mzee, na wewe keti. Sijamaliza."

Akavuta kibodi. Aliandika pale mbele yao, na jinsi vidole vyake vilivyokwenda, upesi na bila kutazama, Peace hakuwahi kuviona vikienda hivyo. Kisha akasoma kwa sauti, ili na Dorcas asikie:

"Kwa ndugu wote mlioandikia Masinya. Mimi ni Damalie Mugeni, niliyekuwa mhudumu wa kafe. Barua ya Odoi ya mwaka 2007 haikusomwa na katekista Osborn. Nilisahau kuifunga nikatoka, mtu akaisoma. Osborn hakufanya kosa lolote. Naomba msamaha kwake, kwa Akiteng, kwa Odoi na mama yake, na kwenu."

Eriku alikuwa amefungua mdomo. Dorcas alijishika kifua. Aliyesema ni Osborn.

"Umeandika ulisahau. Kusahau si kosa kubwa, hata mimi nasahau kofia. Andika na lile lingine."

Damalie akarudisha vidole kwenye kibodi. Kisha akaongeza: "Nilijua siku hiyohiyo. Nilikaa benchi la tatu wakimvua, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na minane."

"Sasa imekaa sawa," Osborn alisema.

Majina yalikuwa sitini na moja. Akabonyeza. Baada ya muda zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine: anwani haipo, anwani haipo, anwani haipo. Paddy alihesabu zilizorudi, Dorcas akawa anataja nani alikuwa nani. Zilirudi hamsini na mbili. Tisa hazikurudi.

"Tisa wamesikia," Osborn alisema. Akamwomba Paddy amchapie nakala moja, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

Nje, Eriku alitembea mbele mpaka kituoni. Kisha akasema, "Ungeniambia."

"Na wewe ungesema nini?"

Akafikiri. "Ningekwambia unyamaze," alikiri, na aibu ikampanda usoni. "Afadhali hukuniambia."

*

Ijumaa foleni ilikuwa ndefu kuliko Jumanne. Walipofika dirishani, kijana aliipokea bahasha, akaishika kadi kwenye mwanga, akaisoma barua ya Paddy mara mbili.

"Muhuri uko. Tarehe iko," alisema. "Hii ilitumwa na nani?"

"Na parokia," Damalie alisema.

"Parokia ni watu wengi. Nahitaji mmoja ambaye si mzazi, aliyekuwapo ilipotumwa, aje atie sahihi."

Dorcas alikuwa amerudi Masinya, na ofisi ingefungwa saa sita. Eriku alikuwa tayari ameshika simu wakati foleni ilipofunguka nyuma yao na mtu akapita akisema samahani, samahani, baiskeli ikiwa imeegemezwa nje ukutani, suruali bado imefungwa kamba vifundoni.

"Mimi nilikuwapo," alisema Osborn.

Alikuwa ametoka Kiyeyi alfajiri, hakuna aliyemwomba. Alikuwa amevaa koti na shati jeupe, na mfukoni ilionekana karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Jina?" kijana akauliza, na Osborn akataja. "Kazi?"

Mzee akaigusa ile karatasi ya mfukoni. Damalie alitaka kusema kitu, lakini hakikuwa chake cha kusema.

"Katekista wa Masinya," alisema Osborn, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani.

Kijana akaandika. "Na huyu binti ulimjua lini?"

"Tarehe kumi na moja Machi, elfu mbili na sita, saa nne asubuhi. Nilimjua kwa kompyuta kabla sijamjua kwa macho." Foleni ikaanza kucheka, lakini Osborn hakuwa anachekesha, na kicheko kikafa chenyewe. "Mama yake alikuwa bado kitandani. Ni yeye alituandikia kwa karatasi tufanye nini, hatua kwa hatua, na kipande chake cha ufunguo akakipitisha kwa bahasha, tukaichoma, na alipopona akakibadilisha. Mimi na Mama Dorcas tukatuma. Tulipomaliza tukafungua kuhakikisha picha imekwenda. Intaneti ilikuwa ya polepole siku hizo, kijana, wewe hukuiona. Picha ilishuka mstari mmoja mmoja. Kwanza nywele. Tukangoja. Kisha paji la uso. Watu wakaacha kompyuta zao, wakaja kusimama nyuma yetu. Yakaja macho. Mwanamke mmoja akaanza kuomba. Ikasimama puani, tukadhani imekatika, na hakuna aliyeondoka. Dakika arobaini. Ulipotokea mdomo, na kidevu, na ile blanketi, chumba kizima kilipiga vigelegele, watu ambao hata hawakuwajua wazazi wake." Akamgeukia Peace. "Huyu nilimwona akizaliwa. Mimi na nusu ya Busia."

Kijana aliandika tarehe, akaandika na saa, ingawa fomu haikuwa na nafasi ya saa. Akamsogezea Osborn kalamu kwa mikono miwili. Kisha akamwita Peace aje akae mbele ya kamera, ainue kidevu, asicheke.

Lakini alicheka, na ikabidi picha ipigwe mara ya pili.